Jibu: Grafu za R huishia wapi ukiwa mbali na seva ya chuo

Shikamoo dada, na karibu tena Dar es Salaam.

Kwa kuwa umeeleza kwamba unakusanya takwimu zako Temeke huku uchambuzi ukiufanya kwenye seva ya chuo chako kule Ujerumani, na kwamba kazi inamalizika bila ujumbe wowote wa kosa ila grafu huzioni, naomba nikuondolee hofu: hazijapotea. R, yaani lugha ya kompyuta ya kuchambulia takwimu, ikiendeshwa kwa Rscript (amri inayoendesha faili nzima ya maagizo kwa mkupuo), pasipo dirisha la kuchorea, michoro yote huielekeza kwenye faili moja iitwayo Rplots.pdf, katika folda ambamo kazi inaendeshwa. Ukiandika getwd() utaijua folda yenyewe.

Hata hivyo sikushauri uitegemee faili hiyo, kwa sababu ukiendesha kazi nyingine katika folda ileile, grafu mpya hufuta zile za awali. Ni salama zaidi uiambie R pa kupeleka mchoro kabla hujachora: fungua faili kwa png() au pdf(), chora, kisha funga kwa dev.off(). Hapo kwenye kufunga ndipo wengi hukwama, kwani faili ya pdf isiyofungwa haijakamilika, nawe utamaliza bando kuishusha halafu ikatae kufunguka. Ukiwa unaandika amri moja kwa moja ndani ya R, bila Rscript, kazi ikikatika njiani kwa sababu ya kosa, faili hubaki wazi na grafu zinazofuata huingia humohumo; dev.list() itakuonyesha zilizo wazi, na graphics.off() itazifunga zote kwa pamoja.

Ukubwa nao utaje mwenyewe. Usipoutaja, png() hutoa picha ya pikseli 480 kwa 480, ambayo ukiipeleka steshenari Mwenge ikachapwe ndani ya tasnifu, maandishi yake hutoka na ukungu. Mimi huandika hivi:

png("homa.png", width = 6, height = 4, units = "in", res = 300)

Hapo napata pikseli 1800 kwa 1200, na hata namba ndogo za kwenye mhimili husomeka vizuri.

Kama unatumia ggplot2, kifurushi cha ziada cha R cha kuchorea grafu, amri yake ya ggsave() hufungua na kufunga faili yenyewe. Lakini ukichora kwa ggplot2 ndani ya for (amri ya kurudiarudia) kwa png() au pdf(), lazima mchoro uuweke ndani ya print(), la sivyo hautatokea.

Seva ikikujibu kwamba haiwezi kuanzisha PNG kwa kukosa X11 (mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye skrini), ongeza type = "cairo" kwenye amri ya png() ili ichore kwa programu ya cairo badala yake, baada ya kuhakikisha kwamba capabilities("cairo") inajibu TRUE. Ikijibu FALSE, tumia pdf(), ambayo haihitaji X11 kabisa.