KIFUNGO KIMOJA?! Basi aje akibonyeze mwenyewe!

Frezi_Kamalondo
Munamujua, yule daktari wa meno. Lubumbashi nzima, kila mwenye labo ya meno anamujua. Leo, mgonjwa angali kinywa wazi, anashika taji, kile kifuniko cha jino tulichomtengenezea, na kusema: "Hawa wa labo wanabonyeza kifungo kimoja tu, mashine inamaliza." KIFUNGO KIMOJA!

Faili ya picha ya kinywa aliyotuma, ukingo wa kisiki, yaani jino alilolisaga ili livishwe taji, umezama ndani ya damu kama kiboko mtoni. Hakuweka uzi wa kusukuma fizi, hakukausha. Skana inachora inachokiona. Ikiona damu, inachora damu. Halafu labo ikisie ukingo uko wapi, na nafasi ya sementi ni mikroni 50 hadi 80! Kifungo cha kukisia kiko wapi?

Zirkonia, ile kauri ya taji, inachongwa kutoka kwenye diski ingali laini kama chaki, kubwa kuliko jino kwa asilimia 20 hadi 25, kwa sababu inasinyaa tanuruni. Kila diski ina namba yake ya kusinyaa. Ingiza namba ya diski ya jana uone: taji linabana au linacheza. Halafu rangi, kukausha, tanuru la nyuzi 1500 hivi, usiku mzima. Kifungo kimoja!

Na kile kisiki, kona zake zinakata kama bati! Frezi, ile ncha ya mashine inayochonga, ikiwa ya milimita 1 haiwezi kuchonga ndani ya taji mfereji mwembamba kuliko yenyewe, kwa hiyo programu inapanua, taji linalegea. Juu ya kisiki ameacha nafasi ya nusu milimita tu kwa taji. Taji likigonga jino la upande wa pili, analisaga kavu mpaka linatoboka. Kisha, mbele ya mgonjwa: kifungo kimoja!!

Dantisti_Katuba
Yaya, unalia tu juu ya neno moja? Ukingo hauonekani, ulichonga nini? Faili yenye damu inarudishwa siku ileile, mgonjwa angali na taji la muda.

Frezi_Kamalondo
Ilirudishwa! Akajibu: "Bonyeza tu."

Usiku_wa_Tanuru
Munagombana juu ya damu, kumbe umeme unakatika tanuru likiwa nyuzi 1200! Taji halijasinyaa lote, haliketi, halina nguvu. Hiyo ndiyo shida, si maneno ya daktari.

Mama_Plasta
Afadhali umeme, unajua umekatika. Je, diski zinazouzwa bila namba ya kusinyaa kwenye lebo? Hizo ni wizi mtupu. Chongeni mchemraba wa milimita 20, upikeni, upimeni tena. Ukirudi milimita 16,20, gawanyeni 20 kwa 16,20: 1,235. Hiyo ndiyo namba.

Usiku_wa_Tanuru
Mama, rula inatosha?

Mama_Plasta
Rula! Mwanangu, kaliper ya dijitali, inayosoma sehemu moja ya mia ya milimita. Na pima pande zote tatu. Zikitofautiana, diski hiyo usiichongee daraja refu, yale mataji yaliyoungana, litayumba juu ya visiki.

Frezi_Kamalondo
Lakini mbele ya mgonjwa, jamani! Kifungo KIMOJA!

Labo_Bukavu
Samahani wakubwa, kingo za taji zetu zinamenyeka zikitoka tu kwenye mashine, kabla ya tanuru. Ni diski?

Mama_Plasta
Frezi butu. Badilisha ile ndogo kwanza. Na usikate vishikizo vinavyoshika taji kwenye diski kwa koleo, saga polepole.

Labo_Bukavu
Asante Mama. Nani anauza frezi za milimita 0,6 zenye mpako wa almasi? Shimo la mashine yetu ni la mpini wa milimita 3.