Ilimba na kinanda havipatani kwenye nyimbo za injili za Kigogo

Mwanakwaya wa Chamwino: Wakuu, tunataka kurekodi nyimbo za kanisani za Kigogo kwa ilimba (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), zeze (ala ya nyuzi) na muheme (ngoma), zisipotee. Kinanda kikiingia, ilimba inasikika kama mbovu. Shida nini?

Fundi Ilimba: Ilimba yenu ni nzima, ndugu. Muziki wa Kigogo hufuata mfululizo wa sauti za asili (harmoniki, yaani sauti zinazolia juu ya sauti moja ya msingi), na ile ya saba iko chini ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo kwa karibu theluthi moja ya nusu toni, hatua ndogo kabisa ya kinanda. Ndipo panapokwaruza. Tafadhali msisogeze vyuma vya ilimba vifuate kinanda, mtaua ladha yenyewe mnayotaka kuihifadhi! Ondoeni kinanda, waimbaji wachukue sauti kwenye ilimba. Kama chuma kimoja kimehama kweli, fupisheni sehemu inayopigwa, sauti itapanda, kirefusheni, itashuka.

Mama Muheme: Naongeza: kagueni utando wa buibui kwenye matundu ya ilimba. Ukichanika, mvumo unakufa. Mrekodi naye asiufute mvumo huo akidhani ni kelele. Ngozi za ngoma zipasheni moto kwanza, zikipoa hulegea, kwa hiyo moto uwe karibu. Kikundi kisajilini BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa).