Waingereza wanampenda mfalme, au wanapenda mapumziko ya Jumatatu?

Mleta mada, Leicester

Wakuu, salaam. Hili jambo limenikaa kichwani tangu tarehe 6 Mei 2023, Charles alipotawazwa pale Westminster Abbey. Siku hiyo nilikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee ninakobeba boksi. Tulitundika bendera ndogondogo ukumbini, tukawavisha wazee mataji ya karatasi, jikoni wakaoka ile pai ya mayai na spinachi iliyotangazwa kuwa chakula cha sherehe. Wazee watatu walitazama mpaka mwisho. Wengine walisinzia, na mzee mmoja akaomba tumtafutie chaneli ya mbio za farasi.

Kesho yake Jumapili mtaa wangu ukafungwa, magari hayapiti. Meza katikati ya barabara, watoto wanakimbia, majirani ambao kwa miaka minne hatujawahi kupeana hata salamu wananiletea keki. Jumatatu nayo ikaongezwa kuwa mapumziko ya nchi nzima. Raha tupu. Ila sikumsikia jirani hata mmoja akimtaja mfalme.

Hoja yangu ni hii: Waingereza wa leo hawaupendi ufalme kama tunavyodhani tukiwa nyumbani. Wanapenda sherehe, na ufalme ndio unaoziegemea sherehe ili usisahaulike. Utafiti wao mkubwa wa mitazamo ya jamii, ulipoanza kuuliza mwaka 1983, ulikuta watu 86 kati ya 100 wanasema ufalme ni muhimu kwa nchi. Siku hizi wanaosema hivyo ni kama nusu. YouGov, kampuni ya kura za maoni, wakiuliza, takriban 6 kati ya 10 wanataka ubaki, lakini kwa vijana wa miaka 18 hadi 24 hawafiki nusu.

Na bili ipo. Serikali yenyewe ilitoa hesabu: kutawazwa kuliigharimu pauni milioni 72, na karibu milioni 22 kati ya hizo zilikuwa za polisi. Mazishi ya Elizabeth, pauni milioni 162. Je, ni haki mlipa kodi kugharamia? Nawasilisha.

Mchangiaji, Milton Keynes

Mkuu, umeanza vizuri ukaharibia kwenye hesabu. Gawa hizo milioni 72 kwa watu milioni 67 na ushee. Ni pauni moja na vichenji kwa kila kichwa, mara moja katika miaka 70. Pauni moja Leicester inakununulia nini, chai? Halafu kuna ile Crown Estate, ardhi na mali za taji. Mwaka wa fedha 2023/24 ilipata faida ya pauni bilioni 1.1, ikaingia hazina. Mfalme anarudishiwa kipande tu. Biashara gani nyingine ya serikali inarudisha hivyo?

Mchangiaji, Glasgow

Hiyo hoja ya Crown Estate naisikia kila jubilei na bado haisimami. Mali ile si ya Charles kama shamba lako la Mbozi lilivyo lako. Hawezi kuiuza, hawezi kumrithisha mtoto akafungue baa. Kesho ufalme ukifutwa, inabaki kuwa ya nchi. Na hiyo bilioni ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa kampuni za mitambo ya umeme wa upepo zililipia haki ya kutumia sakafu ya bahari. Upepo huo hakuuleta mtu wa Windsor, ukoo wa mfalme.

Na "kipande" chenyewe: miaka minne kilikuwa pauni milioni 86.3 kwa mwaka, na 2025/26 kikapanda hadi milioni 132.1. Maelezo ni ukarabati wa Buckingham Palace. Sawa, mabomba ni ya zamani. Ila huku kaunsili zinafunga maktaba kwa kukosa hela. Tena mimi na wewe tukifa, kwa kawaida urithi unaozidi pauni 325,000 unakatwa kodi ya asilimia 40. Mali inayotoka kwa mfalme kwenda kwa mfalme mwenzake haikatwi hata senti. Hilo ndilo linalowauma watu niliofanya nao kazi, kuliko hata farasi na magari ya dhahabu.

Halafu mleta mada, usiseme "Waingereza" kana kwamba wote wanaishi mtaa wako. Huku Scotland ufalme una wafuasi wachache kuliko kusini. Na siku ileile ya kutawazwa, wapenzi wa soka mnakumbuka, Liverpool walikuwa Anfield na Brentford. Ligi ilikuwa imeshauri sana wimbo wa taifa upigwe. Ukapigwa, na uwanja ukazomea mpaka mwisho. Mji ule una kinyongo na wakubwa wa London tangu miaka ya 1980, wimbo wenyewe hawauhesabu kuwa wao.

Mkenya, Reading

Mimi sitaongea pesa. Naongea hiari. Asubuhi ile ya kutawazwa, kiongozi wa Republic, kikundi kinachopinga ufalme, Graham Smith, alikamatwa na wenzake watano karibu na Trafalgar Square wakishusha mabango ya njano yaliyoandikwa kwamba huyu si mfalme wao. Polisi walisema mikanda ya kufungia mabango ingeweza kutumika kujifunga barabarani. Sheria yenyewe ya kuzuia waandamanaji kujifunga hivyo ilikuwa haijamaliza hata wiki tangu isainiwe. Wakawekwa ndani mpaka usiku, wakaachiliwa bila shtaka, kisha polisi wakasema wanasikitika. Sasa niambieni: sherehe ya mapenzi inahitaji hivyo?

Mwaka huohuo serikali ilitenga pauni milioni 8 ili kila ofisi ya umma inayotaka ipate picha ya mfalme bure. Moja ilikuwa ukutani siku nilipokula kiapo cha uraia. Maneno yanajulikana: utakuwa mwaminifu kwa Charles wa Tatu, warithi wake na watakaomfuata. Nilitamka yote, nikapiga picha, nikala keki (keki haiishi nchi hii). Lakini nilimkumbuka babu yangu na kipande chake shingoni, kile kitambulisho cha wakati wa mkoloni kilichotiwa kwenye kikopo cha bati. Charles alipokuja Nairobi mwisho wa Oktoba 2023 alikiri kwamba kulikuwa na ukatili usio na udhuru dhidi ya Wakenya. Kuomba msamaha, hakuomba. Watu husema ufalme hauna siasa, basi mbona neno moja tu linahitaji ruhusa ya serikali?

Bibi wa Southsea

Hamjambo wanangu. Mie si mwandishi, lakini hili nalijua.

Septemba 2022 nilipanga foleni London kwenda kumuaga Elizabeth. Nilianzia Southwark Park, nikavishwa kibangili cha karatasi chenye namba, nikafika Westminster Hall, lilikolazwa jeneza, baada ya masaa 11. Miguu ikavimba kama viazi vikuu. Wengine walikaa foleni siku nzima na usiku wake. Tulipita watu kama 250,000. Hapakuwa na meza barabarani, hapakuwa na keki wala muziki. Mbele yangu alikuwa kijana wa kazi za ujenzi, buti zina saruji, analia. Sasa wewe mwanangu wa Leicester, hiyo nayo ni mapenzi ya mapumziko?

La pili. Nyie wote mwasema "waondoe" kama mtu anayesema "toa sahani". Mie nimezaliwa Unguja, nimeona mfalme anavyoondoka. Sultani wetu wa mwisho, Jamshid, alipopinduliwa Januari 1964 aliletwa na bahari na ndege mpaka hukuhuku, akaishi hapa Southsea miaka mingi katika nyumba ya kawaida kabisa. Aliruhusiwa kwenda Oman 2020, akafia huko mwisho wa 2024. Hawa Waingereza mfalme wao wamemkata kucha zote. Haamrishi jeshi kwa utashi wake, hatozi kodi, hotuba ya kufungulia bunge anaandikiwa na serikali. Mfalme wa namna hiyo anamdhuru nani? Ukimtoa, unaleta rais wa chama. Khasa hilo mlitakalo?

Mleta mada, Leicester

Shikamoo bibi. Foleni ile siipingi, niliiona kwenye televisheni ikanitoa machozi mimi mwenyewe. Ila ile ilikuwa ya Elizabeth, mtu aliyekaa miaka 70, aliyemkuta Churchill akiwa waziri mkuu. Mwanawe alipotawazwa, watazamaji wa nchini walifika kama milioni 20 pale kilele. Mwaka 1953 pia walizidi milioni 20, wakati watu walikuwa wachache na televisheni yenyewe unaenda kuangalia kwa jirani. Mapenzi ya mtu hayarithishwi kama kiti.

Na rais si lazima awe wa chama mwenye madaraka. Ireland wanaye wa kuchaguliwa, hana kucha vilevile, na hakuna anayemwogopa.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Wakuu, mimi nacheka tu. Sisi tunaokimbiza Mwenge wa Uhuru nchi nzima kila mwaka, halmashauri zinasimama, walimu wanatolewa darasani kwenda kuupokea, leo tunamhesabia Charles senti! Ukihoji gharama unaambiwa Mwenge ni umoja wa kitaifa. Si ndiyo lugha ileile ya huko?

Halafu mnasahau Elizabeth alikuwa malkia wetu sisi pia. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 alibaki mkuu wa nchi mwaka mzima, mpaka tulipokuwa jamhuri 1962. Wazee hapa nyumbani ukiwauliza, wengi hata hilo hawalikumbuki. Barbados nao walimtoa Novemba 2021, na Charles mwenyewe alihudhuria, akapeana mikono, akarudi kwao. Kumbe inawezekana bila bunduki, bibi.

Mchangiaji, Milton Keynes

Barbados ni kubadili bendera ya mgeni, Uingereza ni kubomoa nguzo ya nyumba yao. Hawa walishajaribu jamhuri, wakamkata kichwa Charles wa Kwanza mwaka 1649, miaka 11 baadaye wakamwita mwanawe arudi. Australia nao walipiga kura 1999, wengi wakakataa, sababu mojawapo ni kwamba hawakukubaliana rais apatikane vipi. Kulalamika ni rahisi, swali la pili ndilo gumu.

Ila nakubali kitu kimoja. Suala la Andrew, mdogo wake Charles, na urafiki wake na mhalifu wa ngono Epstein limewachafua. Oktoba 2025 kaka yake alimvua hadi cheo cha mwana wa mfalme, na hiyo haikutokana na upendo wa haki, walishaona upepo wa wananchi umegeuka. Familia ile inasoma kura za maoni kuliko sisi wote hapa.

Mleta mada, Leicester

Hapo ndipo ninaposema: anayeogopa kura za maoni kiasi hicho ameshakuwa mgombea, basi tu karatasi za kura hazijachapishwa.

Niongeze kisa kimoja, kisha niende zamu. Siku ile ya kutawazwa, mmoja wa wale wazee watatu waliotazama mpaka mwisho alikuwa bibi wa miaka themanini na kitu. Nikamuuliza anakumbuka nini kuhusu 1953, nikitegemea ataniambia taji au gari la farasi. Akasema sukari. Bado kulikuwa na mgao wa chakula baada ya vita, na kwa ajili ya kutawazwa kila mtu aliongezewa ratili moja. Mama yake alipika jamu. Malkia alimwona kwa mbali kwenye televisheni ya jirani, kidogo kama kidole. Jamu ndiyo anaikumbuka ladha yake. Si ndiyo hoja yangu yote hiyo?

Bibi wa Southsea

Miaka sabini imepita, mwanangu, na bado anajua ile sukari ilikuwa ya nani.