Je, tiba shufaa ni ya wagonjwa wa saratani pekee?

Swali:
Habari zenu, ndugu. Baba yangu anaugua ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi, na madaktari wametueleza kwamba hautapona. Usiku hawezi kulala chali kwa kuwa pumzi humbana, hivyo hukesha ameketi, ameegemea mito. Nilipotaja tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa mwenye maradhi mazito, jamaa mmoja alisema kwamba hiyo ni ya wagonjwa wa saratani waliokwisha kukata tamaa. Je, ni kweli? Na je, mofini, ile dawa kali ya maumivu inayotumika katika tiba hiyo, haitamharakishia kifo?

Jibu la 1:
Pole sana. Si kweli hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 huhitaji tiba shufaa kila mwaka, na wengi wao hawana saratani. Kinachotofautiana ni mwenendo wa ugonjwa. Mwenye saratani mara nyingi hudhoofika kwa kasi katika miezi ya mwisho, na familia huiona hali hiyo ikija. Mgonjwa wa moyo huzidiwa, akalazwa, akapata nafuu, akazidiwa tena, na kila anapoinuka huwa amepungukiwa nguvu kidogo. Mkingoja dalili ya wazi ya mwisho mtachelewa. Tiba hii huenda sambamba na dawa zake za moyo, wala haizifuti.

Jibu la 2:
Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa. Mofini ikianzwa kwa dozi ndogo na kuongezwa taratibu chini ya uangalizi, haiharakishi kifo, na huweza kupunguza ile hisia ya kukabwa. Hata hivyo hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo. Figo nazo zipimwe kwanza, kwani zikiwa dhaifu, jambo la kawaida kwa wagonjwa wa moyo, mabaki ya dawa hujilimbikiza mwilini, mgonjwa akasinzia kupita kiasi na misuli ikamshtukashtuka. Feni ndogo ikielekezwa usoni husaidia pia; wengi huidharau.

Jibu la 3:
Niongeze moja. Kama baba amewekewa kifuani kifaa kinachorekebisha mapigo ya moyo kwa mshtuko wa umeme, mzungumzeni na daktari mapema, baba mwenyewe akiwepo, kuhusu wakati wa kukizima, kwa maana kisipozimwa kinaweza kumpiga mishtuko yenye maumivu hata anapokata roho.