Kuongeza nyuzi za aio_read() hakujaleta kasi

Kodi_Sinza: Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nina programu ya C inayosoma faili moja la miamala, lenye ukubwa wa gigabaiti 40, kwenye seva ya Linux iliyoko ofisini kwetu Mikocheni. Natumia aio_read() ya glibc (maktaba ya msingi ya C kwenye Linux), ambayo huomba kusoma bila kusubiri jibu, na kutuma maombi mengi kwa pamoja ili programu isikae ikisubiri diski. Niliita aio_init() mwanzoni kabisa na kupandisha aio_threads, yaani idadi ya nyuzi (threads, njia za utekelezaji zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja), kutoka 20 ya kawaida hadi 64, lakini muda haukupungua, na amri ya top inaonyesha kiini kimoja cha prosesa kikitumika kwa asilimia 100. Nirekebishe nini?

Fundi_Temeke: Ndugu, glibc haimkabidhi kerneli (moyo wa mfumo wa Linux) kazi hiyo, huanzisha nyuzi za kawaida ndani ya programu yako, na kila uzi husoma kwa pread() kama ambavyo ungesoma wewe mwenyewe. Zaidi ya hapo, maombi yote yenye namba moja ya faili, yaani ile inayorudishwa na open(), hupangwa foleni moja na kuhudumiwa moja baada ya jingine. Kwa faili lililofunguliwa mara moja, nyuzi 64 ni madereva 64 wa daladala moja. Lifungue mara nne au nane, kisha yagawe maombi kati ya namba hizo. Prosesa nayo inanitia shaka: unasubirije majibu?

Kodi_Sinza: Hivi:

`while (aio_error(&ombi) == EINPROGRESS);`

Fundi_Temeke: Basi mla prosesa ni huyo. Kitanzi hicho kinauliza bila kupumua. Tumia aio_suspend(), ambayo huulaza uzi hadi ombi mojawapo kati ya uliyoorodhesha likamilike. Na kama maombi yako huja kwa mafungu, pandisha pia aio_idle_time, kwa sababu kwa kawaida uzi usio na kazi hufungwa baada ya sekunde 1 na kuundwa upya baadaye.

Mama_Seva: Naongeza la vipimo, maana wengi hujidanganya hapa. Mkisoma faili mara ya pili, sehemu yake huwa tayari imo kwenye kumbukumbu, kwa hiyo hampimi diski tena. Kabla ya kila jaribio, iondoe kwenye kumbukumbu: tekeleza `sync`, kisha, ukiwa root (msimamizi mkuu wa mfumo), `echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches`. Ila usifanye hivyo saa za kazi kwenye seva inayohudumia wateja. Kerneli yako ni toleo gani? Kuanzia 5.1 ya mwaka 2019 kuna io_uring, njia ya kerneli yenyewe ya kusoma na kuandika bila kusubiri, ambayo ningeichagua bila kusita.

Kodi_Sinza: Ni 4.18, na sina ruhusa ya kuibadilisha.

Mama_Seva: Basi achana na aio_read(). Andika kundi dogo la nyuzi zako mwenyewe, kila moja ikiita pread() kwenye sehemu yake ya faili. Kwa kuwa pread() haisogezi alama ya mahali pa kusomea, nyuzi zote zinaweza kutumia namba ile ile ya faili bila kugombana, na idadi yake utaipanga kwa kupima diski yenyewe.