Watu wa usafi niwaite kila baada ya muda gani? Nyumba yetu iko kando ya barabara ya vumbi

MamaWawili_Kira
Wadau habari zenu. Naomba ushauri, hasa kwa mnaoishi Kampala na Wakiso. Tumehamia Kira, nyumba ya vyumba vitatu, na lami inaishia mbali na geti letu. Kuanzia hapo ni vumbi jekundu tupu. Asubuhi meza inafutwa, mchana unaweza kuandika jina lako juu yake. Mimi na baba watoto tunatoka alfajiri kuwahi foleni, tunarudi usiku. Binti wa kazi yupo, lakini anashinda na watoto, anapika, anafua. Siwezi kumwambia tena apande madirisha.

Kampuni moja ya usafi inataka tusaini mkataba wa kila wiki, nyumba nzima. Rafiki yangu anasema mara moja kwa mwezi yatosha, jirani anasema mara mbili kwa mwaka. Mtoto wa pili ana pumu, ndiyo maana sitaki kubahatisha. Nyie mnafanyaje?

Mzee_wa_Ntinda
Kila wiki nyumba nzima? Hao wanatafuta mshahara kwako. Nunua mopu mbili, Jumamosi familia nzima ishike kazi. Watoto wa siku hizi hata kukamua tambara hawajui.

MamaWawili_Kira
Shikamoo mzee. Mkubwa ana miaka minne, tambara lenyewe linamzidi uzito 😂

Msimamizi_Usafi
Dada, mimi kazi hii ndiyo inayonilisha, nimeanzia hotelini nikaingia majumbani. Usiulize nyumba nzima isafishwe mara ngapi, kwa sababu choo na pazia havichafuki kwa mwendo mmoja. Choo, bafu, jiko na sakafu ni vya kila siku au kila baada ya siku chache, na hivyo binti anaviweza. Wa kulipwa waje kwa yale yasiyofikiwa na ufagio: nyavu za madirisha, juu ya makabati, feni, nyuma ya friji, masofa, zulia, magodoro.

Kwa nyumba ya kando ya vumbi, kiangazi (Desemba hadi Februari, tena Juni hadi Agosti) ningewaita kila baada ya wiki mbili. Mvua zikianza, vumbi linatulia na mwezi mmoja unatosha. Tope linaloingia na viatu ni la mopu ya kawaida.

Masofa na zulia, mara mbili kwa mwaka. Wengi huosha Desemba ili wageni wa Krismasi wakute pasafi, halafu vumbi la Januari lote linaingia kwenye sofa jipya jipya. Osha mwishoni mwa kiangazi, Februari na Agosti. Vumbi la msimu limeshaingia, unalitoa kwa pamoja, na jua bado lipo la kukausha. Sofa likioshwa katikati ya mvua za Aprili litabaki na unyevu ndani, lipate ukungu, na ukungu kwa mwenye pumu nao ni balaa.

Nesi_Bukoto
Nakazia hilo la pumu. Kinachowasumbua wengi ni wadudu wadogo wa vumbi, hawaonekani kwa macho, na makao yao makuu ni godoro, mto na zulia. Kwa hiyo hata ukilipa watu kila wiki wakang'arisha vioo, mtoto ataendelea kukohoa kama shuka hazifuliwi. Zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto kweli, nyuzi 60 hivi, na godoro livishwe kifuniko kinachofungwa kwa zipu. Chumba chake kisiwe na zulia kabisa.

Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu unalirusha tu hewani. Siku ya usafi mkubwa mtoto aende kwa shangazi, arudi nyumba ikiwa imepata hewa. Na tafadhali, nimewaona wafanyakazi wakichanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi "ili ing'ae zaidi". Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na hata mwenye mapafu mazima hapaswi kuivuta.

Ziwani_Entebbe
Nyie mna vumbi, sisi huku tuna inzi wa ziwani. Wakitoka ziwani kama moshi, asubuhi ukuta wa baraza ni mweusi. Ratiba haisaidii, unaita watu wadudu wakishapita. Jioni zima taa za nje na ufunge madirisha mapema, utaokoa hela nyingi.

Kasuku_Namugongo
Usisaini mkataba wa mwaka, bambi. Lipa kwa kila ujio, ukiridhika unaendelea. Masofa bei yake hupangwa kwa idadi ya viti, basi hesabuni pamoja kabla hawajashusha mashine. Jaza tangi siku moja kabla, maji yasije yakakatika sofa likiwa na povu. Kama hamtakuwepo nyumbani, waombe vitambulisho na barua ya LC1 (uongozi wa mtaa) ya wanakotoka. Mtu mwaminifu hakasiriki.

Mzee_wa_Ntinda
Marahaba binti. Hiyo ya Februari na Agosti sikuwahi kuifikiria. Ya mopu siirudishi nyuma.

MamaWawili_Kira
Asanteni sana. Basi mkataba wa kila wiki nimeuacha. Nitaanza na wiki mbili wakati huu wa kiangazi, na zulia la chumba cha watoto linatoka leo leo. Msimamizi, na mapazia? Yangu ni mazito, yale ya tabaka mbili.

Msimamizi_Usafi
Lile jepesi la ndani lifuliwe kila mwezi, ndilo linalokamata vumbi la dirishani. Zito likung'utwe nje ya nyumba, lifuliwe siku ile ile ya masofa. Na ukiweza lipunguze chumbani kwa mtoto, weka la kitambaa chepesi ambalo binti anaweza kulifua kwa mkono.