Ulinganisho: ukimwagiza msanii kazi, umpe picha anakili, umpe mada tu, au umwachie kila kitu?

MtoWami (mleta mada)
Wakuu, habari za leo. Mimi na mume wangu tuna nyumba ya wageni Bagamoyo, jengo la zamani la mawe na chokaa. Ukumbi wa kulia una ukuta mrefu mtupu na tunataka mchoro mkubwa wa mtindo wa Tingatinga. Nimeongea na wachoraji kadhaa, na njia zilizopo ni hizi.

Kwanza, nimpe picha anakili. Bei iko chini na najua nitakachopata. Pili, nimtajie mada, tuseme majahazi na soko la samaki, kisha anionyeshe mchoro wa penseli kabla hajashika rangi. Tatu, achukue vipimo, aende zake, aniletee alichokiona yeye.

Mume wangu anataka ya kwanza, mimi moyo wangu uko kwenye ya tatu. Mliowahi kuagiza, na wachoraji mliomo humu, tupeni mwanga.

FundiBrashi
Dada, mimi ni mchoraji, Dar. Picha ya kunakili naichora na sina kinyongo nayo, lakini ujue unachopoteza.

Tingatinga inajengwa kwa tabaka. Unaanza na rangi ya nyuma, moja au mbili zinazoingiliana, unaacha ikauke kabisa. Unaweka mwili wa mnyama, unaacha tena. Madoa ya chui, weupe wa jicho na majani vinakuja mwisho. Sasa hapo katikati, wakati mwili umeshakaa na bado hauna madoa, ndipo unapoona mkia ukipinda hivi panapatikana nafasi ya ndege wawili. Ukinipa picha, macho yangu yanashinda kwenye simu, ubao siuoni. Kazi itatoka safi, lakini imepoa.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa Dar mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za kupakia baiskeli. Alifariki 1972, na kwa miaka hiyo michache alikuwa ameacha mtindo mzima. Leo ukipita pale Oysterbay utakuta twiga na Kilimanjaro zimejaa, kwa sababu ndicho wateja wanachoomba. Mikono ya kufanya mengine ipo, inasubiri mtu aseme "nionyeshe chako".

BintiNewala
Kwenye vinyago hiyo njia ya kwanza karibu haipo kabisa. Gogo la mpingo lina moyo mweusi na ganda la nje lenye umanjano, mara nyingi limejipinda, lina mashimo na nyufa. Nilipeleka Mwenge, kwa wachonga vinyago wa Dar, mchoro wa mama aliyebeba mtoto mgongoni. Mzee mchongaji akaligeuza gogo, akaligonga kwa kidole, akasikiliza. "Binti, mtoto mgongoni hapa hakai, pana ufa. Atakaa ubavuni." Nikamwambia sawa, baba, fanya unavyoona. Ule ufa sasa ndio mkunjo wa mbeleko, na wageni wote mkono wao unaenda pale pale.

Hata vile vinyago vya mashetani vya Kimakonde tunavyojivunia vimetokana na uhuru wa namna hii. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 Samaki Likankoa alimpelekea mfanyabiashara wa Dar, Mohamed Peera, umbo la ajabu ambalo halikufanana na vinyago vilivyokuwa vikiuzwa. Peera angeweza kulikataa akadai wazee na wabeba mizigo kama kawaida. Alilipokea, akamtia moyo achonge zaidi.

MzeeWaHesabu
Nawaheshimu, lakini napingana nanyi kidogo. Inategemea picha ina kazi gani. Kwetu kuna zahanati iliyomwachia mchoraji ukuta wa kufundisha kunawa mikono. Alichora mto, miti, wanawake wenye mitungi, kazi nzuri kweli, na hatua za kunawa hazionekani popote. Mafunzo, ramani, sura ya marehemu wa familia, hapo mtu apewe picha na aifuate. Mume wa dada hajakosea kutaka uhakika, ni fedha yake.

Nganya254
Niko Nairobi, nawaongezea mfano wa matatu, magari yetu ya abiria. Wenye magari wengi huchagua mada, mwanamuziki au timu, halafu wanamwachia mchoraji ubavu wa gari aupange mwenyewe. Hiyo ni njia yako ya pili na inafanya kazi sana.

Lakini andikianeni. Huku kwetu, kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi ikiagizwa hakimiliki huhesabika imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wasanii wengi hawalijui hilo. Yenu ni sheria nyingine, ya 1999, kwa hiyo waulizeni COSOTA, ofisi yenu ya hakimiliki, mapema.

FundiBrashi
Mzee yuko sahihi kuhusu zahanati. Mimi naona uhuru ukae kwenye picha, ukali ukae kwenye mengine yote: vipimo, aina ya ubao na rangi, tarehe, nusu ya malipo kabla, na vitu usivyovitaka kabisa. Mabadiliko yaishie kwenye penseli. Rangi ya mafuta ikishakauka, kila ukifuta unapaka juu yake, na tabaka likizidi unene linapasuka.

Na dada, usichore ukutani. Ukuta wa chokaa karibu na bahari unavuta unyevu na chumvi. Ukiufunika kwa rangi ya mafuta unyevu unakosa pa kutokea, rangi inavimba na kubanduka. Agiza mbao za kutundika.

Kumchagua mtu pia ni kazi. Usimtumie picha ya msanii mwingine ukamwambia afanane naye. Nenda kwake, angalia kazi zake nyingi, mwambie ipi imekusimamisha. Akishajua hiyo, muachie.

MtoWami
Asanteni sana, jamani. Tumekaa na mume wangu tukakubaliana. Ukuta unabaki mweupe, tunatundika mbao. Kubwa zitakuwa na mada moja, soko la samaki asubuhi, mchoro wa penseli tutauona mara moja, kisha hatumgusi mchoraji. Moja ndogo ni ya mume wangu: jahazi la babu yake, kutoka kwenye picha ya zamani, linakiliwa kamba kwa kamba.

Swali la mwisho: nikitaka kuchapisha kadi za wageni kwa picha hizo?

FundiBrashi
Weka kwenye mkataba kabla ya kulipa chochote: kadi ngapi, kwa muda gani, jina la mchoraji liandikwe nyuma, na yeye anapata kiasi gani kwa kila toleo. Akikubali, wote wawili mtie saini, kila mmoja abaki na nakala.